Kumleta Koko kutoka Bweyeye kwa Resori Mpya

Tangu nirudi mnaniuliza swali moja kwa njia nyingi: zile resori zilifanya kazi au hazikufanya? Wengine nimewajibu ndiyo, wengine hapana, na sikumdanganya yeyote. Naandika ili niseme yote mara moja, kwa kufuata njia yenyewe, pamoja na sehemu ambazo ningependa kuzificha.

Kamembe, siku mbili kwenye karakana

Koko ni mama wa mama yangu. Ndiye aliyenilea mama alipofariki. Anaishi peke yake kwenye kilima kimoja nyuma ya Bweyeye, pale mashamba ya maharage yanapoishia na msitu wa Nyungwe unapoanza. Jumapili alianguka akifunga maharage kwenye vijiti, mfupa wa paja ukavunjika. Muuguzi wa kituo cha afya alipanda kwa miguu hadi kwake, akamfunga mguu kwa mbao na vitambaa, kisha akamtafutia nafasi ya upasuaji hospitalini kwetu Kamembe, Ijumaa mchana. Aliniambia kwa simu kwamba jambo kubwa ni moja: mfupa usisogee. Ukisogea sana unaweza kukata mshipa, na mwanamke wa umri ule hawezi kupoteza damu nyingi.

Wanaume wa kilima walikuwa tayari kumbeba kesho yake, Jumatatu, hadi barabarani. Angelazwa hospitalini mapema, akasubiri Ijumaa akiwa na dawa za maumivu karibu. Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema nitakuja na pikapu hadi mlangoni, ili asiinuliwe na kushushwa mara mbili. Ilisikika kama busara. Ukweli ni kwamba nilitaka niwe mimi.

Jumatatu nilikwenda. Chini ya kilima cha Koko kuna kijito ambacho daraja lake la magogo lilichukuliwa na mvua, na magari huvuka juu ya mawe. Resori zangu za nyuma, zile bapa za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine, zilikuwa zimechoka hadi zimelala. Gari likakaa juu ya jiwe, na nilitumia mchana mzima kulitoa. Nilirudi Kamembe bila kumwona bibi yangu. Kwa hiyo Koko alilala na mguu ule kitandani siku nne, na sababu ni mimi. Naomba msome mengine yote mkilijua hilo.

Jumanne asubuhi nilikuwa kwa Papa Juma, nyuma ya soko. Baba yake alikuwa fundi wa resori, na yeye ni fundi wa resori, na katika Kamembe nzima sijaona mtu anayefanya kitu kwa uhakika kama yeye. Mimi ufundi wangu nimeupata kwenye video na kwa kuharibu vitu vyangu mwenyewe. Nilimpelekea daftari lenye mchoro, vipimo vya kila bapa hadi milimita, na rangi tatu za kalamu. Aliliangalia kwa heshima, akalifunga, akaliweka juu ya kikasha cha misumari.

Kisha akapiga magoti na kuchora mkunjo mmoja sakafuni kwa chaki, kwa mkono mtupu, bila rula. Akachukua bapa ya lori kuukuu, akailaza juu ya nondo mbili, na kuanza kuipiga kwa nyundo ikiwa baridi, pigo dogo baada ya pigo dogo, akiisogeza upana wa kidole kila mara. Alipoilaza juu ya chaki, chaki haikuonekana tena. Nilileta rula yangu nikapima. Sikupata kosa. Nilipima tena upande wa pili kwa sababu nina tabia hiyo.

"Sasa niambie," alisema, "hii gari itabeba nini?"

"Kuna kijito chenye mawe makubwa, Papa. Nataka nyuma iinuke."

"Nimesikia mawe. Niko nauliza muzigo."

"Mawe ni marefu hivi." Nikamwonyesha kwa mkono.

Alinitazama kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kupiga chafya. "Resori haijue muto, Fideli. Inajua tu uzito. Nikuongezee moja, inatosha."

Nilitaka tatu. Nilikuwa nimehesabu tatu kwenye daftari. Tulivutana hadi adhana ya mchana, naye akaenda kuswali, akarudi, akasema, "Gari ni yako." Hadi Jumatano jioni akawa ameziweka tatu, akizipaka grisi nyeusi katikati ili zisisagane, na kazi aliyoipinga aliifanya kwa uangalifu uleule. Boliti hakuzikaza hadi gari liliposhuka chini na kusimama kwa magurudumu yake. Mimi kwa miaka miwili nimekuwa nikizikaza gari likiwa hewani, na nimekuwa nikijiuliza kwa nini mipira ya kwenye boliti inakatika.

Kamembe hadi Pindura

Tuliondoka Alhamisi alfajiri, mimi na mama mdogo wangu, Maman Furaha, ambaye ni binti wa mwisho wa Koko na mtu wa maneno machache pale tu anapokuwa amelala. Alikuja na godoro, termosi ya chai, maandazi, na sambaza, dagaa wa ziwani waliokaangwa, kwenye bakuli lililofungwa kwa kitambaa. Alizunguka gari mara moja.

"Mbona iko nasujudu?"

Nyuma ilikuwa juu sana, ni kweli. Pua ya gari ilitazama lami. Nilimweleza kwamba ndivyo inavyotakiwa.

"Sawa. Ikimaliza swala utaniambia."

Kabla hatujaiacha Kamembe alikuwa ameshashika dari mara nne. Kila tuta la barabarani lilituinua kwenye viti. Nilisema resori mpya huwa hivyo, zitalainika. Hilo si kweli, na nilijua si kweli wakati nalisema.

Ndani ya Nyungwe lori la viazi lilikuwa limekwama kwenye kona, limeziba njia zote mbili, na tulikaa hapo zaidi ya saa mbili. Ukungu ulipita kati ya magari kama watu wanaokwenda kazini. Mimi nilikuwa natazama saa kila dakika. Maman Furaha alikuwa ameshajua majina ya watoto wa dereva wa gari la mbele. Dereva huyo, mzee mwenye koti la mvua, alikuja nyuma ya pikapu yetu, akatazama jinsi ilivyoinuka, akanijia dirishani na uso wa huzuni.

"Kijana, pole. Muzigo yako ilianguka wapi?"

Nikamwambia sikuwa na mzigo. Hakuamini. Aliwaita wenzake wawili, na kabla sijaeleza walikuwa wanateremka barabarani kutafuta magunia yangu kwenye mitaro. Ilibidi nishuke nikawakimbilie. Walipoelewa kwamba nimeliwekea gari mgongo wa kubeba tani nzima, na ndani yake kuna godoro peke yake, mmoja wao aliuliza kwa upole kabisa kama nilikuwa mgonjwa.

Niliporudi, nyani mkubwa alikuwa juu ya boneti akila maandazi yetu, moja moja, bila haraka. Maman Furaha alikuwa ndani, vioo vimefungwa, amekumbatia sambaza.

"Nimechagua," alisema. "Yeye maandazi, siye samaki."

Tuliwala kwa vidole, na kichwa na mkia, wakiwa bado na chumvi nzuri. Yule mzee wa koti la mvua alituletea mahindi ya kuchoma kwa pole ya magunia ambayo hayakuwepo.

Pindura hadi kijito

Kutoka Pindura njia ya Bweyeye inateremka msituni, kona baada ya kona. Upande mmoja miti, upande wa pili vilele vya miti mingine. Sijui kuisifu inavyostahili. Niseme tu kwamba kwa nusu saa niliacha kusikiliza mlio wa resori, na kwangu hilo ni jambo kubwa.

Pale kwenye senta ya Bweyeye tulisimama kununua maji. Nilipotoka dukani sanduku la pikapu lilikuwa na magunia matano ya viazi, mikungu ya ndizi, na mbuzi aliyefungwa miguu. Huko gari lenye nafasi ni gari la wote. Hakuna aliyefikiri angehitaji kuniuliza. Nilianza kuyashusha mwenyewe, nikiomba radhi. Nilitaka gari liwe jepesi, lisipoteze hata kidole kimoja cha urefu wake mbele ya mawe. Mwenye mbuzi aliniuliza jambo kwa Kinyarwanda, Maman Furaha akamjibu, watu wote wakacheka.

"Umewaambia nini?"

"Nimebaambia gari yako haitaki kuguswa, ni bibi-harusi."

Kijito kilikuwa kimejaa kuliko Jumatatu. Niliingia kwa gia ya chini. Gurudumu la kushoto likapanda jiwe lilelile lililonikamata, nikangoja ule mgongano wa chuma, na mgongano haukuja. Tulivuka kana kwamba mawe yalikuwa yamechorwa tu kwenye karatasi. Upande wa pili nilisimamisha gari, nikashuka, nikachungulia chini: nafasi ya kiganja kizima ilibaki. Nilipiga picha ya nafasi hiyo. Wengine nimewatumia. Wale niliowajibu "ndiyo" ni wale waliopata picha.

Kwa Koko

Alikuwa amelala chali, nywele zimefunikwa, uso umekuwa mdogo. Nilipopiga magoti alinishika sikio kama zamani.

"Umechelewa," alisema.

"Nilikuwa natengeneza gari, Koko."

"Na imepona?"

Nilisema imepona.

Nje walikuwa wanatungoja wanaume wanane, mmoja wao kiongozi, Papa Anastazi, aliyekulia upande wa Congo na kurudi akiwa na mke na watoto. Kwenye kilima kile kila nyumba hutoa mtu kwenye kundi la wabebaji. Mgonjwa akizidiwa, wanamtia kwenye ingobyi, machela yao ya kusukwa yenye miti miwili mirefu, na kushuka naye, wanne wakibeba na wanne wakipokezana. Nilidhani amekuja kuniaga tu na kuniachia kazi. Hakusema neno la kunilaumu kwa zile siku nne, na nilitamani angelisema.

"Gari ni nguvu," alisema, akigonga resori kwa kidole cha mguu. "Tuijaribu kwanza."

Akaagiza beseni la maji, lililojaa hadi ukingoni. Ndivyo wanavyowafundisha wabebaji wapya: beseni linawekwa ndani ya ingobyi na wewe unabeba hadi kanisani na kurudi, na hugusi mgonjwa mpaka maji yamebaki. Waliliweka beseni juu ya godoro, ndani ya pikapu. Nikaendesha hadi kanisani na kurudi, polepole kuliko nilivyowahi kuendesha maishani.

Papa Anastazi alichungulia ndani ya beseni kisha akalipitisha kwa wenzake, kila mmoja akachungulia. Yaliyobaki yasingetosha kunawa uso. Godoro lilikuwa linachuruzika.

Hapo ndipo nilipoelewa, mbele ya watu wote. Nilikuwa nimepima urefu wa mawe, upana wa bapa, kina cha maji. Sikuwa nimempima Koko. Ana kilo arobaini, labda na mbili. Resori za tani moja chini ya mtu wa kilo arobaini si resori, ni meza. Kila jiwe la njia lingepanda moja kwa moja hadi kwenye mfupa wake.

Nilileta spana nikaingia chini ya gari kutoa bapa mbili. Bila kifaa cha kuinulia kinachofika, na kwa ardhi laini namna ile, ilikuwa kazi ya siku nzima, na sasa jua lilikuwa limeegemea msitu. Niliona miguu ya Papa Anastazi, kisha uso wake ulioinama.

"Toka huko, mutoto. Hii gari inalia njaa tu. Tuipe batu."

Walipanda wote wanane. Kila aliyepanda, nyuma ilishuka kidogo, na kwa mara ya kwanza nilisikia zile bapa zikiteleza moja juu ya nyingine, sauti ndogo ya grisi, kama mtu anayemeza. Wanne walisimama katikati magoti yamelegea, mikono imenyooka chini, miti ya ingobyi ikining'inia mikononi mwao. Wanne waliketi pembeni wakiwashika viuno. Mlango wa nyuma uliachwa wazi kwa sababu ya urefu wa miti. Beseni likajazwa tena, likawekwa ndani ya ingobyi.

Kanisani na kurudi. Papa Anastazi alichovya kidole, akanionyesha maji yalipofika: chini ya ukingo kwa upana wa ukucha.

"Nani alikubali kumwaga?" aliuliza wenzake kwa sauti ya mwalimu, na wakaanza kushutumiana.

Usiku tulikula isombe, yaani kisamvu, na viazi vitamu, sote kwenye sinia mbili. Niliwaomba wanielezee wanavyotembea. Waliona ajabu kuulizwa. Mmoja, mfupi mwenye mabega kama kabati, alisema kosa la mgeni ni kutaka miguu iende pamoja kama askari. Ikienda pamoja mgonjwa anarushwa. Kila mtu anaweka hatua yake, hii inashuka wakati ile inapanda. Niliandika hilo kwenye daftari langu kwa kalamu nyekundu.

Kushuka

Kulipopambazuka walimtia Koko kwenye ingobyi bila kuusogeza mguu hata kidogo, watu wanane wakiongea kwa macho tu. Maman Furaha alikaa mbele amegeuka nyuma, kazi yake ikiwa kuniambia uso wa Koko ulivyo.

"Sawa," alisema. Kisha, "Sawa." Kisha, "Kona hii uende kama unaiba."

Palipokuwa pabaya Papa Anastazi aligonga dari mara mbili, nami nikasimama. Waliteremka naye, wakamweka mabegani, wakapita kwa miguu, na mimi nikapita na gari tupu linalorukaruka, nikawangoja mbele. Kijitoni walivuka wakiwa na maji kiunoni, ingobyi juu ya vichwa vyao, imetulia kama imewekwa kwenye rafu. Nilitazama kupitia kioo cha mbele na kusahau kuvuka. Walifika ng'ambo kabla yangu.

"Dereva," aliita Papa Anastazi, "tukusaidie kubeba na gari?"

Gari lilipita juu ya mawe yale bila kugusa hata moja. Nalisema hilo kwa sababu ni haki ya Papa Juma.

Kwenye lami, baada ya Pindura, askari wa barabarani alitusimamisha. Watu hawaruhusiwi kusafiri nyuma namna ile, na nilianza kumweleza juu ya uzito na resori hadi akachanganyikiwa, akaamini tumebeba vyuma vya magendo. Alikwenda nyuma kukagua. Papa Anastazi alifunua blanketi. Askari alitazama ile mikono minane iliyonyooka, mishipa imesimama, na yule mwanamke mdogo katikati akiwa amefumba macho. Alirudi dirishani na sauti nyingine.

"Washa taa zote. Kaa pembeni ya barabara. Polepole."

"Tangu asubuhi ni polepole," alisema Maman Furaha.

Hospitali, na njia ya kurudi

Tulifika muda wa upasuaji ukiwa bado. Walileta kitanda cha magurudumu, na gurudumu moja lilikuwa linatikisika. Wabebaji waliliangalia, wakamwangalia muuguzi, na muuguzi akaelewa. Walimpeleka wenyewe hadi kwenye meza ya picha ya eksirei.

Daktari alitoka na ile picha mkononi. Aliuliza mgonjwa amesafirishwa kwa chombo gani. Nikawanyooshea kidole wale wanane, waliokuwa wamekaa kwenye benchi wakinyoosha vidole vilivyokataa kunyooka.

"Haujasogea," alisema daktari. "Uko palepale alipoufunga yule muuguzi."

Koko alipasuliwa mchana huo. Jioni aliamka, akaomba chai, akasema chai ni nyepesi. Sasa anafanya mazoezi ya kutembea na fimbo mbili, na amemwambia daktari mara kadhaa kwamba maharage hayamsubiri mtu.

Wanane walilala Kamembe nyumbani kwa Maman Furaha. Kesho yake hatukutaka kumjaribu tena yule askari, kwa hiyo walipanda basi hadi Pindura nami nikawapokea pale. Kabla hawajafika nilikuwa nimejipanga: nitoe bapa mbili wiki ijayo, nibaki na ile moja aliyoisema Papa Juma, niende kumwambia hivyo mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nilikuwa na mengine mengi ya kuwaambia na wao, na nilikuwa nimeyaandika ili nisikosee.

Walipanda nyuma, wakaegemeana. Tulipopita kona ya tatu ya msitu nilitazama kwenye kioo ili nianze kuongea. Papa Anastazi alikuwa amelaza kichwa begani kwa yule mfupi. Wote wanane walikuwa wamelala, midomo wazi, mikono imeachwa juu ya mapaja, viganja vimeangalia juu. Nikashusha gia. Barabara yote iliyobaki niliendesha hivyo, nikilikwepa kila jiwe, ili wasiamke.